Unashika au Unatamka?

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Aprili, 1965. Mvua ya masika ilianza kabla ya alfajiri na haikukatika. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la siku, na sikuandika zaidi, kwani sikuwa na hakika kama kazi ile itanikubali mimi, mtu wa darasa la sita. Nikaingia mahakama ya Mji Mkongwe nguo zimenigandia mwilini.

Hakimu, mtu mzima wa sauti ndogo, alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye tarishi mpya? Umekuja kwa miguu au kwa kupiga mbizi?"

"Shikamoo, Bwana Hakimu. Kwa miguu."

"Marahaba. Jikamue huko nje, hati zangu zisipate masika."

Kazi ya tarishi ilikuwa kuita majina, kumpeleka mshtakiwa kizimbani, yaani pale penye ukingo wa mbao anaposimama, na kuapisha mashahidi. Kuapisha nilikuona kwepesi: mtu anashika msahafu, anaapa, basi. Hakimu alinisahihisha siku hiyohiyo.

"Shahidi wa kike mfuate barazani kabla sijamwita. Muulize taratibu: unashika au unatamka? Akisema natamka, mwapishe kwa mdomo. Sababu usimuulize, na mimi sitakuuliza wewe."

Labda vijana wa leo wanahitaji kuelezwa. Mwanamke aliye katika siku zake hagusi msahafu, na hilo halisemeki mbele ya chumba kilichojaa wanaume. Kwa swali lile dogo la barazani, kiapo kilipatikana na aibu haikumfika mtu.

Mwaka 1970 zikaja mahakama za wananchi, nami nikahamishiwa shamba, upande wa Bwejuu. Mawakili hawakuwapo tena. Mshtakiwa alijisemea mwenyewe, na wazee watatu waliamua. Nisiseme uongo: kesi zilizokuwa zikilala miezi ziliamuliwa upesi, na maskini hakuuza mbuzi wake kumlipa wakili. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa seremala wa milango, hakupokea hata embe la mtu.

Ila siku ya kwanza niliposogea kwenye upande wa wanawake kuuliza swali langu, alinizuia. "Hapa hapana siri. Ukinong'ona na shahidi, watu watasema umemfunza." Nami niliona ana haki. Kweli, watu wangesema hivyo.

Ikaja kesi ya Makame, kibarua wa kukwea minazi. Alishtakiwa kuiba gunia la mchele katika duka la serikali, wakati ambao mchele ulikuwa wa mgao na watu wakila muhogo. Mlinzi alisema amemwona. Makame alisema usiku ule alikuwa kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, na shahidi wake alikuwa mmoja tu, dada yake, Bi Mize.

"Shika msahafu, Bi Mize," Mwenyekiti alisema.

Alirudisha mikono ndani ya kanga. "Nitasema kweli, Bwana. Nitaapa kwa mdomo."

"Wenzako wote wameshika. Wewe una nini?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Mkono wa mwongo huuogopa msahafu!" Watu wakacheka.

Nikafahamu. Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba aape kwa kutamka. Mjini tukifanya hivyo."

"Kwa sababu gani?"

"Naomba nikwambie sikioni."

"Sema wasikie wote, au kaa."

Nikamtazama Bi Mize. Baba mkwe wake alikuwa safu ya mbele. Bi Mize alitikisa kichwa kidogo tu, kunikataza. Nikakaa.

Mwenyekiti akamuuliza mara ya mwisho. Bi Mize hakumjibu yeye, alimgeukia Makame pale kizimbani. "Kaka, niwie radhi."

"Hujanikosea, Mize," Makame alisema. "Nenda kamwangalie mama."

Ushahidi wake haukupokewa. Makame akafungwa.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mwenyekiti nje nikamweleza. Alikaa juu ya gogo, akajifuta uso kwa kofia yake.

"Mbona hukusema?"

"Ulinitaka niseme kwa sauti."

Akaivaa tena kofia. "Hukumu nshaisoma. Na akate rufaa. Na wewe, kuanzia kesho, waulize nje."

Tangu siku ile nikawauliza nje, na hakuna aliyenizuia. Rufaa ilipelekwa mjini. Nilipohamishwa jibu lilikuwa halijarudi. Mama yao alizikwa Makame yumo ndani.

Sasa nimestaafu, na wajukuu huniuliza mahakama zile za wananchi zilikuwa kitu gani. Mimi si mtu wa kulijibu hilo. Kama Makame aliiba au hakuiba, sijui, na sitasema ninajua. Yumkini mlinzi alimwona kweli. Ninalolijua ni kwamba alikuwa na mtu mmoja wa kumsemea, mtu huyo alikuja, na hatukumsikia. Mara nyingine hujiuliza, lau ningelisema kwa sauti, Bi Mize angelinishukuru au angelinilaani? Nimekwenda mpaka mlangoni pake mara moja, nikarudi bila ya kubisha.

Jioni ile Makame alipofungwa, nilirudi nyumbani Chukwani kwa gari ya shamba. Mke wangu alikuwa amepata mgao wetu wa mchele. Alipika wali kwa mchuzi wa papa, watoto wakashangilia kuona sinia jeupe. Nikanawa, nikakaa nao. Tulikula wote, mpaka ukoko.