Vipimo Ambavyo Sikuviandika

Filamu yangu inahusu msichana wa Bukavu aliyezaliwa akaitwa mvulana. Familia yake inajiandaa kumaliza matanga ya baba. Siku hiyo, kwetu, wanawake wa ukoo hushona kitenge kimoja, wanaume hushona mashati ya kitambaa kingine. Nilitaka kuuliza jambo moja tu: mama atamshonea mtoto huyu nini?

Msichana huyo ni mimi. Sikumwambia mtu. Nyumba yetu ya Nyalukemba ni ya ukoo wa marehemu baba, na tonton, mdogo wake, alikwisha kusema tukiwa mezani kwamba mtoto wa namna hiyo hatalala chini ya bati lake. Waigizaji wawili walikubali, wakasoma, kisha wakaacha kupokea simu. Basi nikaigiza mwenyewe, nikamwomba Mama, ambaye ni mshonaji, acheze mama. Nilimwambia ni hadithi niliyoisikia Goma.

Kupiga filamu nilijifunza peke yangu kwa simu, na nina ugonjwa wa kurudia. Mama akikata uzi tu, tulirudia mpaka akachoka.

"We mutoto, hata Mungu aliumba dunia mara moja!"

Nilicheka, nikawasha simu tena.

Tukafika mahali nilipopaogopa. Nilikuwa nimeandika kwamba mama anampima mtoto shati bila kumtazama. Mama alinipima mabega, kisha akasema, "Inua mikono." Akapitisha futi kifuani, akashusha chini ya kifua, akabana kiunoni, akateremka hadi kwenye nyonga. Shati halipimwi hivyo. Hivyo ndivyo anavyowapima wateja wake wa kike.

"Mama, si hivyo..."

"Nyamaza. Simama muzuri. Unapumua kama mwizi."

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Mulifunga mulango juu ya nini?" Ilikuwa sauti ya tonton.

Futi ilikuwa bado imenizunguka. Nilitaka kuing'oa, Mama akaishikilia.

"Tuko nacheza filme, shemeji! Ingia utushikie taa, umeme iko nasumbua."

Tonton akacheka nje. "Mimi nashika taa? Michezo ya watoto hiyo!" Viatu vyake vilisaga changarawe, vikasimama. Kisha vikaenda.

Mama akaketi. Blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni.

"Ile filme," alisema kwa sauti ya chini, "uso yangu usionyeshe. Mikono, onyesha."

"Na uso yangu?"

Aliikunja futi. "Yako onyesha. Lakini siku watu wataiona, usikuwe kwa nyumba hii."

Kwa mara ya kwanza sikuomba turudie. Sikuthubutu hata kumuuliza kama ananifukuza au ananificha. Alikuwa ameugeukia mlango, akisikiliza.