Mke Mwenza Mwenye Magurudumu

Wifi yangu kazi yake ni kuogesha watu. Sisemi watoto wachanga, hao kila mtu anawaweza. Nasema watu wazima, wazito, waliopooza, wenye aibu zao na ukali wao. Ameifanya kazi hiyo tangu kaka yangu alipomuoa, na kwa Mwalimu peke yake ameifanya miaka sita.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule. Nusu ya watu wenye ofisi mtaa wa juu wamepitia mikononi mwake, na fimbo yake wanaikumbuka kuliko hesabu alizowafundisha. Kisha damu ikamvujia kichwani, upande wa kushoto ukafa, akawa mtu wa kuinuliwa, kugeuzwa, kuvuliwa na kuvalishwa. Mkewe alishatangulia. Ana binti mmoja tu, yuko ng'ambo, naye ndiye aliyemwajiri wifi kwa simu.

Kila asubuhi saa moja wifi alikuwa pale. Anapima maji kwa kiwiko, anatandika taulo moja chini na kumfunika kwa nyingine, anaanzia miguuni kupanda juu. Muda wote huo anaongea: nani kahama, bomba gani limepasuka, mbuzi wa nani kaingia benki. Nilikuwa namtania kwamba Mwalimu hajapooza, amechoka kumsikiliza tu.

Halafu ikaletwa mashine. Ilishushwa kwenye gari imefungwa nailoni nyeupe kuanzia juu hadi chini, wifi akaniambia ilikuwa kama bi harusi. Nikamwambia basi umeletewa mke mwenza, jiandae. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nikikumbuka kicheko kile sasa, najiona mjinga kweli.

Ilikuwa na mikono miwili minene iliyovishwa mpira laini, magurudumu manne, na mahali pa uso palikuwa na kioo kidogo chenye kamera. Fundi aliyeileta alisema ndani yake kuna akili bandia, kwa hiyo haingoji kupangiwa kila kitu, inajifunza kwa kumtazama anayejua. Binti wa Mwalimu akapiga simu, akasema kwa upole kabisa kwamba wataijaribu wiki mbili. Ikishindwa, inarudi ilikotoka. Ikiweza, wifi atapewa barua nzuri ya kumshukuru. Na mwenye kuamua, akasema, ni baba mwenyewe.

"Basi nimepona," wifi akaniambia. "Mwalimu hawezi kuniacha."

Mimi pia nilitulia. Nyumba yetu inasimama kwa mikono ya wifi. Kazi za kaka yangu leo zipo kesho hazipo, watoto wao wawili wako sekondari, na mimi na cherehani yangu nashona pale watu wanapokumbuka kuvaa.

Fundi alimfunga wifi vitambaa vyenye nyaya kwenye vifundo vya mikono na viwiko, akamwambia aogeshe kama siku zote, mashine imtazame kwa siku tatu. Wifi akaogesha. Ila jambo moja alilificha. Nyonga ya kushoto ya Mwalimu haitaki kuguswa kwa pupa; ni lazima kwanza umkunje goti, umngoje ashushe pumzi, ndipo umgeuze. Kwa siku tatu zile wifi alizungukazunguka, nyonga hiyo hakuifikia. Aliponieleza nilimpa mkono. Nikamwambia leo umetumia akili, iache ijikwae yenyewe.

Siku ya nne ikawa zamu ya mashine, wifi amesimama pembeni. Ikapima maji. Ikamwosha kifua, ikamwosha mgongo, taratibu, hakuna pa kuitia kasoro. Ilipopenyeza mkono chini ya nyonga ya kushoto, wifi akasema, "Ngoja." Fundi akaisimamisha. Na wifi yangu, kwa mdomo wake mwenyewe, akaeleza habari ya goti na habari ya pumzi, akaonyesha mara mbili, mpaka fundi akaridhika.

Siku hiyo nilimwakia.

"Wewe ni mtu wa namna gani? Ulibakiza kunyamaza tu."

"Ingemuumiza."

"Si ndicho tulichokitaka?"

"Nilikitaka," akasema, "mpaka nilipouona mguu wake."

Wiki mbili zilipotimia Mwalimu akaichagua mashine, nami nikafuatana na wifi huko huko kazini. Alinikataza, sikumsikia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa makali. Tulimkuta Mwalimu kwenye kiti chake, ameshaoga, ndevu zimenyolewa. Mashine ilikuwa kwenye kona inachajiwa. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia vizuri, kisha akasema, "Umekuja kugomba."

"Nimekuja kuuliza, Mwalimu. Wifi yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Basi mwambie binti yako aichukue mashine yake. Neno moja tu, nasi tunakwenda zetu."

Wifi alikuwa mlangoni na ndoo ambayo siku hizo haikuwa na kazi, lakini aliizoea.

"Nilimfundisha mama yake huyu," Mwalimu akasema. "Darasa la nne. Nikiingia, alikuwa wa kwanza kusimama. Leo mwanawe ndiye ananivua nguo kila asubuhi."

"Hiyo nayo ina kamera," nikasema. "Inakuona."

"Inaniona kama inavyokiona kiti hiki. Haina mama niliyemfundisha. Haitakutana sokoni na watu wanaonijua."

Wifi akaitua ndoo chini. "Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Nikwambie nini? Ulikuwa unanitendea wema. Nilikuwa nafumba macho mpaka umalize."

"Nilidhani ni sabuni," wifi akasema. "Nilikuwa nakuomba radhi."

"Najua. Miaka sita umeniomba radhi kwa sabuni."

Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. Lakini utamwambiaje mtu mzima aendelee kuona haya kila siku ili watoto wetu wasome? Nikatafuta wa kumkasirikia. Fundi alikuwa anafanya kazi yake, binti anampenda babake, na ile kwenye kona haikuwa na habari kama tupo. Niliumia sana, na sikuwa na la kufanya.

"Njoo Jumapili," Mwalimu akamwambia wifi tulipokuwa tunatoka. "Uje kama mgeni. Utanikuta nimevaa."

Alikwenda. Aliporudi akakaa kwenye ngazi ya mlango, mkoba mapajani, akanisimulia. Alimkuta na shati jeupe na tai. Walikaa saa nzima. Mwalimu alimtazama usoni, akamuuliza habari za watoto, akamsimulia utundu wa mama yake darasani, na akacheka.

"Sikujua kama anacheka," wifi akasema. "Ingemwangusha, ningeichukia. Lakini amenawiri. Kumbe kila siku nilikuwa namtesa mtu, halafu narudi hapa nakwambia kazi imekwenda vizuri."

Nikamwambia asiseme hivyo. Nilijua ni maneno tu, naye alijua.

Wiki iliyofuata nikasikia kuna bibi mmoja nyuma ya soko kavunjika mguu, jamaa zake wanatafuta mtu wa kumhudumia, na mashine hawana wala hawazitaki. Nilikimbia nyumbani kumwambia wifi. Akajitanda kanga, akaenda siku ile ile. Nikashukuru, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kabla ya saa sita nikamwona anarudi. Nikamuuliza kama wamempa mtu mwingine. Akasema hapana, walimpokea vizuri, maji yalikuwa tayari yamechemshwa, na bibi mwenyewe ni mpole.

"Sasa?"

"Nilimfungua kifungo kimoja, wifi," akasema. "Nikakifunga tena."