Mkono wa Kushoto wa Adoyo

Mwalimu Caleb Wakoli alipewa timu ya mpira wa kikapu kwa sababu moja tu: urefu. Mwalimu mkuu alimpima kwa macho kutoka utosini hadi kwenye viatu, akamkabidhi filimbi. Wakoli alifundisha historia, na mchezo huo aliujua kama kuku ajuavyo kuogelea. Lakini mtaka cha mvunguni huinama. Akajifunza huku akipiga kelele, na baada ya miaka michache wasichana wake wakawa wanaogopwa mtaa hadi mtaa.

Ila ukimtajia Adoyo, hugeuza mazungumzo.

Adoyo alitoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, baba yake kibarua kiwandani. Alirusha mpira kwa mkono wa kushoto, na kila mara ulitumbukia kikapuni. Kocha mwingine angemshukuru Mungu. Wakoli alikasirika! Kwao Bungoma, mtoto aliyepokea chakula kwa mkono wa kushoto alichapwa, naye alichapwa mpaka akaamini.

"Mkono huo ni wa chooni. Tumia wa kulia!"

"Lakini kocha, na hii ya left inaingia tu."

"Heshima kwanza."

Msichana akatii. Laiti angebisha! Alijaribu muhula mzima, mpira ukigonga chuma na kurudi, kisha akaacha kuja mazoezini. Chuo kikuu kilichokuwa kikimmezea mate kikachukua mwingine. Baadaye Wakoli alipelekwa kozi ya ukocha, akaambiwa mchezaji wa mkono wa kushoto ni dhahabu. Siku hiyo hakula.

Mwezi uliopita alistaafu. Wachezaji wa zamani walikuja kumuaga kwenye uwanja wa shule, Adoyo akiwa na bintiye Lorraine, wa gredi ya nne. Wakoli alikuwa amepanga kumwomba msamaha siku hiyo hiyo. Kabla hajafungua kinywa, mtoto aliokota mpira, akauinua kwa mkono wa kushoto, kiwiko kimekaa sawasawa chini ya mpira.

"Lorraine! Mkono gani huo?" Adoyo alimkemea, kisha akamgeukia mwalimu wake kwa fahari. "Usijali kocha, namfunza vile ulinifunza."

"Mwache," Wakoli alisema. "Tafadhali mama, mwache atumie huo huo. Mimi ndiye niliyekosea."

Adoyo akacheka, akidhani mzee anatania. Mtoto alikuwa ameshahamishia mpira mkono wa kulia. Akaurusha. Ukagonga chuma, ukarudi ukibingirika hadi miguuni pa Wakoli.