Damu Nyeupe na Chumba cha Nyuma

Damu iliyomwagika ndani ya kichwa huonekana nyeupe kwenye picha. Sikujua hilo mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini, mama yangu alipoanguka jikoni kwetu Gisenyi, akanyamaza, na upande wake wote wa kulia ukalegea. Tulimpeleka Kigali kwa gari la kukodi, wakamwingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Nilitazamia doa jeusi. Daktari, aliyekulia Tanzania, aliinua picha kwenye taa akanionyesha kitu cheupe, kikubwa kidogo kuliko harage.

"Damu ndiyo hii, dada. Na hapa inapita njia inayopeleka amri mguuni. Inaelekea damu imeisukuma tu, haijaipasua. Naamini mama atatembea. Maneno nayo yatarudi, polepole. Vidole vya mkono wa kulia siahidi, huko damu imeharibu. Ila msimwache alale tu. Mguu usiopewa kazi hausimami."

Nilirudi nyumbani nimeikumbatia ile picha. Nilimkuta mama mkubwa, dada yake mama, ameshavuka mpaka kutoka Goma na mkeka wake. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi. Alimlisha, akamgeuza, akamfuta mdomo, akamfokea yeyote aliyethubutu kumuuliza mgonjwa swali. Wageni walijaa wakiomba kwa sauti ya chini, kama vile mama ameshatuaga. Nilikasirika, nikaibandika picha dirishani penye mwanga, ili kila aingiaye aione. Mama mkubwa akaibandua.

"Kichwa ya mutu si sanduku ya kufungua! Bon, sikia. Mvua ikianza na hajasimama, tunamubeba kwangu Goma. Atakaa chumba ya nyuma, nitamuchunga mpaka Mungu atamuita."

"Daktari amesema atatembea, mama mkubwa."

"Daktari iko Kigali. Mi niko hapa."

Mama alisikia yote, machozi yakamtiririka kuelekea sikioni. Chumba kile tulikijua wote wawili. Hakina dirisha, na bibi yangu aliingia humo kwa miguu yake, akatolewa amebebwa. Nikaibandika picha tena, safari hii kwa misumari kwenye fremu ya dirisha.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, niliweka kiganja changu chini ya unyayo wake wa kulia. "Sukuma, mama." Mguu haukusogea. Nilimpa kijiko mkono wa kushoto, uji ukamwagikia shuka, mama mkubwa akaniita mutoto mubaya mbele ya majirani. Usiniulize kama sikuogopa. Niliogopa sana, na nikiogopa huwa mkali. Siku nyingine niliigombeza ile picha yenyewe. Halafu asubuhi moja kisigino kikanisukuma. Kidogo mno, lakini kilinisukuma! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Kabla ya kuanguka, mama alikuwa akinunua viazi vya Mudende, upande wetu, na kuviuza ng'ambo ya mpaka, na kwake kiazi kilikuwa kitu cha heshima. Jioni moja mama mkubwa alikaa kando ya kitanda akimenya viazi, maganda manene, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Mama akamtazama. Akatazama ganda. Akakunja uso, akavuta pumzi.

"Unaharibisha," akasema.

Kisu kilimponyoka mama mkubwa. Lilikuwa neno la kwanza tangu aanguke, nalo lilikuwa la kugomba! Mimi nikacheza mle chumbani kama kichaa, mama mkubwa akalia, kisha akaanza kumenya upya, ganda jembamba.

Mvua ya kwanza ilimkuta mama amesimama, ameshika ukingo wa dirisha, picha ikiwa bado dirishani, juu ya bega lake. Mama mkubwa alikunja mkeka wake, akarudi Goma peke yake.

Alipopata nguvu, mama alidai kwenda kumsalimu. Tulitembea hadi kwenye kizuizi cha mpakani, mguu wa kulia ukikwaruza vumbi, wachuuzi wenzake wakimpisha na mizigo yao huku wakimshangilia. Askari alipotaka karatasi ya kuvukia, vidole vya kulia havikuweza kuishika, kama daktari alivyoona. Akaitoa kwa mkono wa kushoto, kidevu juu, nami nikajiona nina mama kuliko watu wote wa mpaka ule.

Kwa mama mkubwa alikataa kiti. Alitaka kwanza kuona chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa tayari, foronya ya mto imepigwa pasi. Mama alisimama mlangoni kwa miguu yake miwili, akakiangalia kona hadi kona.

"Chumba muzuri," akasema, neno moja baada ya jingine. "Hakuna mwanga. Weka viazi."

Mama mkubwa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tulikunywa chai, na kabla mpaka haujafungwa, mama akanivuta tukarudi kwetu.