Thắm Arudi Kwenye Meza ya Kambare

Picha ya kwanza ya ubongo wa Thắm ilikuwa na doa jeupe upande wa kushoto, dogo kama punje ya hindi. Mama mkwe wake, Bi Lành, alipoiona aliangua kilio palepale wodini. Kwao kitambaa cheupe hufungwa kichwani siku ya msiba, na mkwe wake, aliyeanguka na pikipiki akiwahi sokoni, ni kama amefungwa cha kwake kwa ndani.

Miezi miwili baadaye ikaja picha ya pili. Palipokuwa peupe pamekuwa peusi. Bi Lành akapiga makofi.

"Msiba umevuliwa!"

Daktari Khiêm akacheka. "Umepatia, bibi, ingawa njia uliyopitia siijui. Weupe ulikuwa damu mbichi, imeshanyonywa. Weusi ni kovu, na kovu halitoki."

"Sasa ataongea vizuri tena?"

"Picha inaonyesha palipoumia. Haisemi sehemu nyingine zitajifunza nini. Hilo mtalijua kwa kumsemesha kila siku."

Kazi ikawa hiyo. Wasimamizi wa soko walishasema meza ya Thắm ikikaa bila mwenyewe mpaka mwaka mpya wa Tết, inapewa mtu mwingine. Na muuza kambare asiyeweza kubishana, nani atamwogopa? Maneno alikuwa nayo. Kupandisha na kushusha sauti ndiko kulikomponyoka, na kwa lugha yao neno likipandishwa ni hili, likilazwa ni lile. Kila alipoita "má", yaani mama, ilitoka "ma", mzimu.

"Mzimu yuko hapa, mwanangu, anakumenyea vitunguu," Bi Lành humjibu. "Pandisha! Tena!"

Thắm alipandisha mpaka jasho likamtoka. Siku moja alirusha kijiko ukutani. Kesho yake akaanza upya.

Siku tisa kabla ya Tết alikwenda kukaa mezani kwake. Bi Diệu, mteja wa miaka mingi, akaja akamminya kambare.

"Huyu kalala huyu. Nipe nusu bei. Utabisha na mdomo gani?"

Thắm akamnyanyua samaki. Samaki akajipiga mkia, maji yakamrukia Bi Diệu usoni.

"Uliyelala ni wewe! Kambare wangu kaamka, wewe hata uso hujanawa! Bei ni ileile, na ukiminya tena unachukua wawili!"

Kila neno lilipanda mahali pake, likashuka mahali pake. Wauza mboga wakaanza kugonga mizani zao kwa shangwe. Bi Diệu akachukua wawili, anafuta uso huku anacheka, na Thắm alishamgeukia mteja mwingine.