Kigong'ota wa Mti Namba Arobaini na Moja

Kwanza lieleweke: marehemu bwana misitu hakuuza mti wowote wa serikali. Wanaonong'ona hivyo kwenye foleni ya mashine ya kusaga wengi wao walikula chumvi yake.

Chanzo ni daftari la msitu. Aliandika kwa mkono wake kwamba mti namba arobaini na moja umekatwa, lakini gogo halikufika kiwandani. Basi midomo ikapata kazi.

Kwa hiyo bwana misitu mpya alipobisha hodi, mjane alimkaribisha nusunusu. Mgeni hakuketi. Alisimama mbele ya picha aliyoichora marehemu, akaitazama muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja kusalimia tu.

"Aliyechora hapa aliketi akaangalia, mama. Ona kigong'ota alivyokita mkia kwenye gome kama mguu wa tatu. Hata unga wa mti umemshika kifuani."

"Mume wangu alikuwa na macho."

"Na jiwe hili lililopasuka, liko upande gani wa msitu?"

Hapo mjane akajua sifa zote zile zilikuwa chambo.

"Mimi nilikuwa mwalimu, mwanangu. Mambo ya msitu waulize ndege."

Mgeni alicheka, akaaga. Siku ya nne akarudi, viatu vimejaa matope.

"Nimeliona jiwe. Mti umesimama, namba arobaini na moja iko kwenye shina. Na tundu lina makinda."

Mjane aliketi taratibu. Mumewe hakuwa mwizi. Alikuwa ameandika uongo. Akakumbuka msimu ule, alivyorudi kila jioni na rangi vidoleni, akisema ni ya kupigia miti namba.

"Nikisahihisha daftari, jina lake litasafika," alisema mgeni. "Ila shoka litaufuata mti. Wewe ulijua, mama?"

Mjane alimtazama. Hakuweza kusoma kama anaulizwa kwa wema au anachimbwa.

"Chai yako inapoa," alisema. "Na daftari liache lilivyo."

Amebeba maneno ya watu miaka tisa. Mwaka jana upepo uliuangusha mti ule, ndiyo maana haya yanasemwa leo. Picha iko sebuleni. Anayetaka kuitazama aje aitazame, afute miguu mlangoni. Kuhusu alichojua na alijua lini, mjane hajibu, wala hatajibu.