Mijusi wa Severa, Mtaa wa Mchikichi

Hakuna mpangaji wa nyumba yetu aliyepita mbele ya mlango wa Severa bila kuharakisha mguu. Mimi nilipita polepole kwa makusudi. Sikutaka kutishwa na mijusi.

Walikuwa wa mumewe, Onesphory, baharia, mtu wa Nachingwea. Aliwaleta kutoka Karachi, wa manjano wenye madoa ya chui na mikia minene. Mjusi kafiri wa ukutani tunamjua, nasi tuliolelewa chuo cha Kurani tunamuua tupate thawabu. Lakini hawa walikuwa na kope. Walifumba macho, wakafumbua, wakakutazama. Mwenye nyumba alisema hao si wanyama, ni watu.

Onesphory aliwazalisha ndani ya sanduku la chai alilotia mchanga. Jike likitaga, alitia alama ya mkaa juu ya kila yai, akayaacha hadi watoto watoke. Kisha akapanda meli nyingine, na meli ile haikuonekana tena bandari yoyote.

Severa alikataa kuweka matanga.

"Aliniambia nisiache kizazi chao kikatike," alisema. "Maadamu wapo, naye yupo."

Akawa anampakulia mumewe chakula kila siku. Mwaka ule wa njaa, unga tunaupangia foleni tangu alfajiri, nilimkuta uani akiwamwagia kuku wake sahani nzima ya ugali aliompakulia. Nilipandwa na hasira.

"Asiyekuwepo na lake halipo, Severa!"

"Yupo, Mama Nassibu. Amechelewa tu."

Jioni mijusi walipoamka wakaanza kukwaruza mbao za sanduku, alijibu, "Karibu, mume wangu." Nikamtania kwa sauti kubwa, kwamba mijusi wake wana raha, mende hawapangiwi foleni. Kusema kweli niliogopa.

Baadaye wakaanza kufa. Jike la mwisho lilitaga mayai mawili, nalo likafa.

Severa hakuwahi kuzalisha mijusi. Alichojua ni kuku. Akatia alama ya mkaa kama alivyomwona mumewe, na kila asubuhi akayageuza mayai kwa ncha za vidole, alama juu, alama chini, kama kuku anavyogeuza yake. Biashara yake ya vitumbua aliitupa. Alikonda mpaka gauni likamning'inia, na mimi nikawa namwombea mayai yale yaanguliwe, mijusi nisiowapenda.

Siku moja akaja Shaibu, baharia aliyesafiri na Onesphory zamani, kumjulia hali. Akamkuta ameinama kwenye sanduku.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nayageuza. Yasilale upande mmoja."

Shaibu alivua kofia yake, akaketi.

"Shemeji, ile alama ni ya kujua upande wa juu, yai lisije likageuka. La mjusi ukiligeuza, mtoto anafia ndani."

Severa alilipasua yai moja mbele yetu, kisha la pili. Ndani mlikuwa na vitoto vyenye vidole tayari, kope zimefumba.

Hakulia. Alifagia chumba, akatandika mkeka, akajifunga kaniki, akaketi chini ameegemea ukuta.

"Mama Nassibu," akaniambia, "nenda kawaambie watu. Mume wangu amefariki."

Nilikwenda mlango kwa mlango. Wakaja wote, Waislamu na Wakristo, na balozi wa nyumba kumi akaleta sukari. Hakuna aliyeniuliza habari zile zimetoka wapi.